Majlisi Tupu ya Mabela

Serikali ilinipeleka Japani kujifunza mambo ya taka, nami nikarudi na uzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mtu aliyetumwa taka akazisahau hana la kujisifia.

Ilikuwa semina ya wiki tatu katika mji wa Kanazawa. Tulikuwa maofisa kumi na mmoja kutoka nchi mbalimbali, na kila asubuhi tulionyeshwa namna chupa zinavyotenganishwa na makopo. Siku moja, ili tupumzike, walitupeleka kwenye nyumba ya mwalimu wa chai, mama wa miaka sabini na saba aliyeitwa Bi Okabe. Alitukalisha juu ya mikeka, akamtengenezea kila mmoja chai yake ya unga wa kijani, polepole, kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine. Chumba hakikuwa na kitu ila ua moja ndani ya kopo la mwanzi. Bakuli alilonipa lilikuwa limepinda upande mmoja, na nilipolishika machozi yalinilengalenga. Mwenzangu aliyekaa pembeni yangu aliuliza choo kiko wapi. Nikamdharau hapohapo.

Nilirudi kwake mara mbili nyingine, peke yangu, nikakosa masomo ya mbolea. Bi Okabe alizungumza Kiingereza kidogo kilichonyooka. Aliniambia kuwa kwao kuangalia uzuri si starehe, ni tabia, ni namna ya kuishi vyema na watu. Aliniambia pia, "Kabla mgeni hajafika, mimi hukaa mahali pake, nikaangalia atakachokiona." Nikatoa daftari nikaandika: *Kukaa. Kuangalia.* Neno "mgeni" sikuliandika. Daftari ninalo mpaka leo, na kila nikilifungua nalitafuta neno hilo kana kwamba huenda limejiandika lenyewe.

Nyumba yetu iko Mabela, pembeni mwa Maskati, Omani. Naishi na mke wangu Mazoon, na mama yangu Bi Mahbuba, aliyezaliwa Unguja na kuja Maskati akiwa bibi harusi, na Nakiwala, binti wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani. Watoto wameshaoa na kuolewa. Majlisi yetu, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa kama majlisi za majirani: makochi tisa yenye nakshi za dhahabu, mapazia mazito yenye vishada, taa kubwa ya vigae vya kioo, na mawaridi ya plastiki ambayo Mazoon alikuwa akiyaosha kila Alkhamisi.

Wiki ya pili baada ya kurudi nilitangaza kuwa vyote vinatoka.

"Wageni watakaa wapi?" Mazoon akauliza.

"Chini. Kama walivyokaa wazee wetu."

"Wazee wetu wakikaa chini kwa kuwa hawakuwa na makochi, Jaifar."

Nilimwambia kuwa makochi yana kelele. Hatem, kaka yake Mazoon, aliposikia kuwa natoa makochi bure, alifika na pikapu kabla ya Laasiri. Mapazia yakafuata, na taa, na hata matakia ya kuegemea, kwa kuwa yalikuwa na maua mengi mno. Ukabaki mkeka mmoja, ukuta mweupe, na tawi kavu la mkunazi nililoliokota bondeni.

Mama alisimama mlangoni akitazama makochi yanavyotoka moja moja. La mwisho lilipopita akasema, "Chumba kimepata pumzi, mwanangu."

"Unaona?" nikamwambia Mazoon. "Mama anafahamu."

Hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa kuliruka. Mama yangu ana maradhi ya magoti. Ana miaka minne anasali juu ya kiti. Nilikuwa nalijua hilo, maana kiti chenyewe nilimnunulia mimi. Lakini nilikuwa nalijua kama mtu anavyoijua nambari ya gari lake: hadi aulizwe.

Tokea siku ile Mama hakukaa tena majlisini. Alikuwa akija mpaka mlangoni, akishika mwimo, ananisalimu, anaondoka. Mimi nikakata shauri kuwa ameingia katika ukimya wake, kuwa utupu wa chumba umemfungulia kitu cha ndani. Kazini niliwahadithia watu habari hizo. Mwenzangu mmoja, Musallam, alivutiwa, akaja kunitembelea. Alikaa mkekani saa nzima akinisikiliza, na alipotaka kuondoka miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi nimwinue kwa makwapa. Hakurudi. Nilisema moyoni kuwa si kila mtu yuko tayari.

Nakiwala nilimfundisha kufuta meza. Nilimwambia asifute tu, afute kama anayeisikiliza. Akafuta, akasimama, akanitazama kwa heshima.

"Baba, meza imesema nini?"

Na kila jioni nilikuwa nikinyunyiza maji kwenye vigae vya njia ya kuingilia, maana Bi Okabe alikuwa akiyanyunyizia mawe ya bustani yake kabla ya wageni kufika, nami niliona yanavyong'aa. Mchukuzi wa mitungi ya gesi aliteleza hapo mwezi wa Novemba akaanguka na mtungi. Alhamdulillah ulikuwa mtupu. Baada ya hapo akawa anaacha mitungi nje ya geti, na Nakiwala ndiye anayeivuta mpaka jikoni. Hilo nalo nililijua baadaye.

Mwezi wa Februari nikapata barua pepe ya Bi Okabe. Wanawe walikuwa wamemlipia safari ya meli ya watalii inayozunguka dunia, na meli ingetia nanga Matrah kwa siku moja, tarehe kumi na mbili Machi. Kama sina shughuli, angefurahi kuniona.

Nilijitayarisha kama anayetayarisha arusi. Nilikwenda Bahla kutafuta bakuli, na mfinyanzi aliponionyesha mazuri niliyakataa yote, nikaenda kuchagua kwenye rundo la yaliyoharibika. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilipiga marufuku kukaanga au kuoka chochote siku hiyo, harufu isije ikaingia majlisini. Mazoon aliniuliza kama wanaruhusiwa kupumua.

Siku yenyewe nikamfuata bandarini. Bi Okabe alishuka ngazi za meli pamoja na watu wengine, amepungua mwili, mkononi ana fimbo. Fimbo nzuri sana, ya mti mweusi, kichwa chake kimelainika kwa kushikwa. Niliisifu fimbo. Nilimwambia kuwa mtu anaweza kuiona miaka ndani yake. Kwa nini ameshika fimbo, sikumuuliza.

Njiani nilimwonyesha milima, nikamweleza uzuri wa mlima usio na mti. Alisikiliza kwa adabu. Tulipopita Ruwi akauliza, "Mama yako hajambo? Ulinihadithia kuhusu yeye."

"Hajambo. Siku hizi anapenda kuwa peke yake."

"Ah," akasema, akarudi kutazama dirishani.

Tulifika nyumbani saa nane. Vigae nilikuwa nimemwagiza Nakiwala avimwagie maji, navyo viling'aa kama kioo. Bi Okabe alisimama getini akavitazama, fimbo mkononi, hasogei. Nikadhani amevutiwa. Mara Nakiwala akatoka mbio na mataulo mawili, akayatandika juu ya maji, moja mbele ya jingine, akampa mkono. Bi Okabe akapita. Nami, Mungu anisamehe, kilichonikera wakati ule ni kuwa mataulo yalikuwa ya pinki.

Majlisini nilikwenda moja kwa moja mahali pangu, nikapiga magoti kando ya birika. Nilikuwa nimempangia mgeni sehemu ya heshima, akabiliane na ukuta wenye tawi la mkunazi. Akasimama pale. Jua la mchana liliingia kwa dirisha lisilo na pazia likampiga usoni. Aliweka mkono mmoja ukutani, akainama kidogo, akainuka. Akabadilisha mkono wa fimbo. Akainama tena, akainuka. Mimi niliteremsha macho nikaendelea kupanguza kijiko, nikiona kuwa anautafakari ukuta kwa namna ambayo sisi wengine hatujafikia.

"Jaifar!"

Alikuwa Mama, mlangoni.

"Mtu mzima anatafuta pa kushika, weye umeinamia kijiko? Huoni?" Kisha akapaza sauti. "Nakiwala! Lete kiti changu! Na kile cha Shaikha!"

Vikaja viti viwili vyeupe vya plastiki. Kimoja kilikuwa kimefungwa mto kwa kamba, na miguuni mwake kimeongezwa vipande vya mbao. Sikuwa nimewahi kukiona kiti kile. Mama alimshika Bi Okabe kiwiko, akamteremsha taratibu, akamwondolea fimbo akaiegemeza pale ambapo mkono ungeifikia. Halafu akaligundua jua. Akasogea, akasimama baina ya dirisha na mgeni, uso wa mgeni ukaingia kivulini, mpaka Nakiwala aliporudi na shuka lililotoka kupigwa pasi akalitundika kwenye dirisha. Lilikuwa na maua makubwa ya zambarau. Wakakaa, Mama na Bi Okabe, bega kwa bega juu ya plastiki, wananitazama mimi niliye chini.

Nilitengeneza chai. Sikujua la kufanya jingine. Niliipekecha mpaka ikatoa povu zuri, nikaimimina kwenye bakuli la Bahla, nikalizungusha nikampa. Bakuli likaanza kuvuja. Kwanza tone, halafu mstari wa kijani ukamwingia mgeni kwenye mkono wa nguo. Bi Okabe alikinga kiganja chini ya bakuli akainywa yote kwa mikupuo mitatu, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akinywa kitu, akashukuru.

Mama alionja ya kwake kwenye kikombe cha kawaida. "Mwambie ni nzuri, Mungu ambariki. Lakini hii chai au mchicha?"

Nilitafsiri nusu ya kwanza.

"Haya," Mama akasema, akamshika mwenziwe mkono, "twende zetu nyuma."

Wakainuka, mmoja akimwegemea mwenziwe, wakaondoka, Nakiwala nyuma yao na viti. Nikabaki na birika. Baada ya muda nikawafuata, kwa kuwa sikujua hiyo "nyuma" ni wapi.

Ilikuwa chumba cha kufulia.

Nimeijenga nyumba ile mwenyewe, nimesimamia kila tofali, na chumba kile nilikuwa sijakiingia mwaka mzima. Mlikuwa na mashine ya kufulia, na juu ya mashine chetezo kinafuka udi. Viti vinne, hakuna kimoja kinacholingana na mwenziwe. Meza ndogo, na juu yake sahani ya maji yenye asumini zinazoelea. Dirisha lilikuwa na pazia la nusu, chini limefungwa, juu wazi, ili upepo uingie na watu wasionekane. Bi Shaikha, rafiki yake Mama anayekaa Ruwi, alikuwa amekaa pembeni ya meza ya kupigia pasi, anatoa tende kokwa.

"Ah, Jaifar!" akasema. "Siku nyingi, baba! Tunasikia tu khabari zako."

"Unakuja mara nyingi, Bi Shaikha?"

"Kila Jumatatu na Jumatano. Ijumaa ndio tunakuwa wengi."

Nilimgeukia Nakiwala. "Tangu lini?"

"Tangu makochi ilienda, Baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nakiwala akamtazama Mama. Mama alikuwa anapanga vikombe, hakugeuka.

"Nilimkataza miye," akasema. "Ulikuwa na furaha, mwanangu. Nnakujua ukiwa na furaha, unakuwa kama ulivyokuwa na miaka sita. Nikasema tusimharibie. Magoti yangu nnayajua miye, chumba chako kitapita."

Miezi sita nilikuwa nikiwafundisha watu wa nyumba yangu kuona. Kumbe nyumba nzima ilikuwa ikiniona mimi, ikinipisha, ikiniteremshia sauti, kama mnavyomkirimu mgeni asiyejua desturi au mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Uchumba wa mtoto wa jirani ulikuwa umevunjika na kuungwa tena ndani ya chumba kile. Bi Shaikha alikuwa amefiwa na dada yake, na watu walikaa naye hapo siku mbili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikilitazama tawi.

Mazoon alileta chai ya maziwa yenye iliki, na mkate wa kumimina, uliopikwa kwa jirani kwa sababu ya amri yangu. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, maana viti vilikuwa vimekwisha. Mama alimwekea Bi Okabe kikombe, akasita, akakihamisha upande wa kushoto na kuelekeza mkono wa kikombe nje. Nilikuwa sijaona kuwa mkono wa kulia wa Bi Okabe ulikuwa umechoka kwa fimbo na vidole vyake vinatetemeka. Bi Okabe aliona kikombe kinavyohamishwa. Alinigeukia akasema kwa Kiingereza chake, "Amelifanya hili miaka mingi."

"Chai?" nikauliza.

Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia Mama.

Hawakuwa na lugha moja baina yao, na hawakuihitaji. Walionyeshana magoti. Bi Okabe alivuta pindo akaonyesha kovu la operesheni aliyofanyiwa wakati wa baridi, Bi Shaikha akasema "Masikini!" na akaonyesha lake. Walikula. Baadaye, katikati ya mazungumzo, Bi Okabe alilala pale pale kitini, kidevu kifuani. Hakuna aliyesema "nyamazeni." Sauti zote zilishuka tu, Nakiwala akaizima mashine iliyokuwa ikizunguka, na Mama akauvuta mto kidogo upande wa shingo ya mgeni. Nikaona jinsi lilivyokuwa jambo zuri, nikatoa simu nipige picha. Mazoon aliichukua mkononi mwangu akaitia mfukoni mwake.

Jioni nilimrudisha bandarini. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye kumtaja yeye kama mwalimu wangu. Nilipoanza alinigusa mkono.

"Lile bakuli," akasema.

"Ndiyo?"

"Usilitilie chai. Panda kitu."

Akampelekea Mama salamu, akaniuliza tena jina lake mpaka akalitamka sawasawa, akapanda ngazi akisaidiwa na baharia.

Siku ya pili nilikwenda kwa Hatem kuomba makochi. Alinikaribisha juu ya kochi langu mwenyewe, chini ya taa yangu, akanipa kahawa na halua.

"Walau mawili, Hatem. Kwa ajili ya Mama."

"Ulisema yana kelele," akajibu. "Sie tumeshazizoea kelele zake. Watoto hawalali bila ya hizo."

Nikaenda sanaiya, mtaa wa viwanda, kwa seremala. Nilimwambia nataka kiti cha mtu mwenye magoti mabovu, imara, chenye mikono ya kuinukia. Akaniuliza kimo: kutoka unyayo mpaka nyuma ya goti ni sentimita ngapi? Nilimtajia nambari ya kubahatisha. Akaweka penseli chini akanitazama, nikarudi nyumbani kuchukua vipimo.

Mama alikuwa kwenye chumba cha kufulia na Nakiwala, wanakunja mashuka. Nilipiga magoti mbele yake na utepe wa kupimia. Makubadhi yake yalikuwa yamepasuliwa ubavuni kwa kisu, kwa ustadi, ili uvimbe upate nafasi.

"Nani aliyapasua haya?"

"Mimi, Baba," Nakiwala akasema. "Mwezi wa kumi na moja. Miguu ya Mama ilikuwa inavimba sana."

Niliuweka utepe kwenye kisigino chake. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto. Sikumbuki mara ya mwisho kuushika mguu wa mama yangu, labda sijawahi.

"Wanipimia sanda?" Mama akauliza juu yangu.

"Kiti, Mama."

"Basi pima vizuri. Na pima yote miwili, wa kushoto ni mfupi. Muulize Nakiwala."

Arubaini na sita wa kulia, arubaini na nne na nusu wa kushoto. Niliandika kwenye kiganja, daftari sikulitaka.

Seremala alimaliza baada ya siku tisa. Nilikitia kiti majlisini kwanza, Mama akaniomba nikipeleke nyuma, kwa kuwa "kule mbele ni kwako." Nikakibeba. Niliwaambia wote kuwa kimefika, kisha nikasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia nikingoja, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Ilikuwa Jumatano. Mama aliingia akiwa anamhadithia Bi Shaikha kisa cha arusi moja ya Sib ambako bwana harusi alikosea nyumba. Alifika kwenye kiti, akashika mikono yake, akakaa, na kisa hakikukatika hata neno. Hakuguna. Hakusema "Bismillahi" ile ndefu ya mtu anayejiteremsha kwenye maumivu. Alikaa tu, kama mtu anavyokaa, akafika pale bwana harusi alipokaribishwa chakula na watu asiowajua. Bi Shaikha akacheka mpaka akashika ubavu.

Hakuna aliyekisifu kiti. Nilielewa kuwa hivyo ndivyo ilivyotakiwa, kuwa kiti kizuri ni kile ambacho aliyekikalia hakikumbuki. Nilielewa kabisa. Hata hivyo niliendelea kusimama pale, nikikohoa kidogo kila walipopumzika.

"Baba," Nakiwala akasema nyuma yangu, sinia mikononi, "sogea kidogo. Chai ni moto."

Nikasogea.